Kubadilisha mfumo wa kompyuta kuukuu bila kupoteza vilivyomo

Mwaka 2019 fundi mmoja alimpigia Baba windo. Laptopu ilikuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi haijafika kwenye dawati, na fundi akasema dawa yake ni kupiga windo upya, yaani kuweka Windows upya. Baba alimuuliza mara mbili: "Vitu vyangu vitabaki?" Akajibiwa vitabaki, viko D, ile sehemu ya pili ya diski. Jioni mashine ilirudi nyepesi, na hiyo D haikuwepo. Humo ndimo zilimokuwa picha za Mama za miaka yake sita ya mwisho, na sauti yake akiimba na kwaya ya kigango. Tulihangaika na programu za kufufua faili, tukaambulia vipande. Picha moja ipo ukutani mpaka leo: Mama amesimama juu ya mawe ya ufukweni, na kuanzia kiunoni kushuka chini ni rangi ya majivu tupu.

Kwa hiyo maelezo haya ya kubadilisha mfumo yatakaa muda mrefu kwenye kazi inayofanyika kabla ya kugusa mfumo. Mwenye haraka aniwie radhi.

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Nyegezi, Mwanza. Ufundi sikuusomea darasani, nimeujua kwa kushika mashine za watu kila siku. Baba anakaa Kitangiri, ni mwalimu mstaafu, na laptopu yake ni Dell Latitude E6430, toleo la 2012, aliyoinunua ya mtumba. Ina prosesa ya i5-3320M, ramu ya GB 4, na diski ya kuzunguka ya GB 320. Ndani yake kuna historia ya ukoo wetu, hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, na kurasa 43 alizoandika kuhusu Mei 1996, siku alizosimama bandarini na majirani wakisubiri habari za MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria. Kurasa hizo hazipo mahali pengine popote.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Baba alikutana na tangazo limejaa kioo kizima, akanipigia simu: "Mwanangu, mashine inasema imekufa." Haijafa. Windows 10 inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana. Kinachokoma ni viraka: tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi tena. Mtu anayeandika tu bila intaneti anaweza kukaa hivyo kwa muda. Baba hufungua barua pepe, husoma magazeti mtandaoni, na hupokea flashi kutoka kwa kila mwanakikundi, kwa hiyo kwake tundu lisilozibwa ni jambo la kweli.

Swali la kwanza la kila mtu ni kama mashine itapokea Windows 11. Jibu unalipata kwa dakika mbili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma jina la prosesa. Kwa Intel Core, tarakimu zinazofuata alama ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ramu ya GB 4, diski ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kuangalia TPM, bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc. Mashine ikitimiza yote, sasisha kwa njia ya kawaida kwenye mipangilio ya Windows Update. Wewe soma sehemu ya kuhifadhi nakala tu, nyingine zote ruka.

Ya Baba haikukaribia. Najua zipo njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani, na wapo wanaozitumia vizuri. Kwa mzee anayekaa peke yake sikuzitaka, kwa sababu Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayafuata. Ipo pia nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya Windows 10, inayofika Oktoba 2026. Hiyo inafaa kwa aliye na programu isiyofanya kazi popote isipokuwa Windows, mfano programu fulani za uhasibu. Baba anatumia kuandika, hesabu, picha na intaneti. Nikamchagulia Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni bure kabisa, wenyewe wanasema GB 2 za ramu ndiyo kima cha chini na GB 4 ndiyo raha, na familia ya Mint 22 itapata viraka hadi 2029.

Sasa nakala.

Usimwambie mwenye mashine akuonyeshe mafaili yake yako wapi. Atakuonyesha anapopakumbuka. Mimi nilikaa na Baba mezani, nikafungua diski yote kuanzia juu kabisa, nikapita folda moja baada ya nyingine tukiulizana: hii nini, hii ya nani. Historia ya ukoo ilikuwa mahali pake. Hesabu za kikundi za mwaka mzima zilikuwa ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa. Na zile kurasa za Mei 1996, toleo lake la mwisho, zilikuwa zimekaa uchi kwenye mzizi wa C, nje ya folda yoyote, kwa sababu siku moja alibonyeza mahali pasipo pake wakati wa kuhifadhi. Ningenakili folda ya nyaraka peke yake ningeondoka na toleo la miezi mitano nyuma, na nisingejua.

Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha nakili tena sehemu ya pili. Ya pili mimi niliiweka kwenye kompyuta ya kibandani. Ukimaliza, bonyeza folda ya asili kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua "Properties", andika kwenye karatasi idadi ya faili. Halafu fanya hivyohivyo kwenye nakala. Yetu ilisoma 11,482 upande mmoja na 11,479 upande wa pili. Tatu zimepungua. Nikazitafuta hadi nikazipata: majina yao yalikuwa marefu mno, Windows ilizikataa, na mimi nilibonyeza kuruka bila kusoma. Moja ilikuwa orodha ya wanachama wenye mikopo.

Hesabu zikilingana, peleka ile diski ya nje kwenye kompyuta nyingine kabisa na ufungue faili kumi hivi kwa kubahatisha: picha, hati, hesabu, wimbo. Usiishie kuona jina lake. Ifungue, teremka mpaka mwisho wake.

Chukua pia vile visivyo faili: alamisho za kwenye kivinjari, maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo, anwani za barua pepe. Maneno ya siri tuliyaandika kwenye daftari la Baba, na daftari likaenda kwenye sanduku lenye hati ya kiwanja.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote katika kazi hii ni hili: diski ya zamani usiifute. Nunua SSD mpya, yaani diski isiyozunguka, hata ya GB 240 inatosha, ifunge badala yake, mfumo mpya uuweke humo. Diski ya zamani inatoka ikiwa na Windows yake na kila kilichokuwamo, unaiweka bahashani. Jambo likienda kombo unairudisha kwa bisibisi, mashine inaamka kama jana. Na hiyo SSD ndiyo itakayokupa wepesi wenyewe. Wengi hulaumu windo kwa uzito wa mashine, kumbe mzigo uko kwenye diski ya kuzunguka iliyochoka.

Kabla ya kuitoa, izime Windows kikamilifu: shikilia Shift huku ukibonyeza kuzima. Usipofanya hivyo Windows huwa inalala nusu, na baadaye Linux itakuruhusu kusoma diski hiyo lakini si kuandika. Halafu chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi, shika kitu cha chuma. Kwenye ya Baba diski inashikwa na skrubu mbili upande wa chini, inavutwa kwa ubavuni kama droo. Kile kishikio chake cha plastiki unakihamishia kwenye SSD. Nikaongeza na ramu moja ya GB 4 kufanya 8. Hapa angalia aina: mashine za umri huo zinachukua DDR3 ya laptopu, na DDR4 haiingii, mfereji wake umekatwa mahali tofauti, usiisukume kwa nguvu. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, waambie unataka ndugu yake.

Ukishafungua kifuniko cha chini, tazama feni. Tunaokaa karibu na ziwa tunavijua vile vijidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi, vikifika nchi kavu vinafuata taa. Baba huandika usiku, dirisha wazi, na mara nyingi kioo cha laptopu ndiyo taa pekee chumbani. Feni yake ilikuwa imevaa blanketi: vumbi lililoshikana na mabawa madogomadogo, limeganda kwenye mapezi ya kupoozea hadi hewa haipiti. Nililivuta kwa kibanio cha nyusi, likatoka kipande kimoja kizima, jepesi, rangi ya kijivu, kama kiraka cha blanketi la mtoto. Kilichobaki nikakimaliza kwa brashi ya rangi ya inchi moja. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Miaka miwili Baba alikuwa akiweka laptopu juu ya sinia la bati ili ipoe, na hakuna aliyefikiri kufungua skrubu.

Kama saa ya mashine inarudi nyuma kila ikikosa umeme, badilisha na ile betri ndogo ya mviringo ya CR2032. Ya Baba ilikuwa inarudi 2012, na tarehe ikikosewa hivyo tovuti nyingi zinakataa kufunguka, unabaki kulaumu bando.

Faili la Mint ni karibu GB 3. Nililipakua kwa bando la usiku, mtandao ukakatika na kurudi mara mbili, asubuhi nikalikuta limekamilika kwa macho. Usiamini macho. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda lilipo faili, andika:

certutil -hashfile linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioko kwenye tovuti ya Linux Mint. Lazima ufanane wote, mwanzo hadi mwisho. Wangu wa kwanza haukufanana, nikapakua upya usiku uliofuata. Faili lililoharibika linaweza kufunga mfumo hadi asilimia themanini ndipo likwame, na hapo hutajua kosa liko wapi.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. Jihadhari na flashi zinazoandikwa GB 64 huku ndani ni 4. Zipo nyingi mitaani. Programu ndogo ya H2testw inajaza flashi na kuisoma tena, inakwambia ukweli wake. Kisha tumia Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi: chagua flashi, chagua faili la Mint, kwenye mpangilio wa diski na aina ya mashine weka GPT na UEFI, anza. Ikiuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekezwa.

Chomeka flashi kwenye laptopu, iwashe huku ukigongagonga F12. Hiyo ni kwa Dell. Lenovo na Toshiba nyingi pia ni F12, HP ni F9 au Esc kwanza, Asus ni Esc. Itatokea orodha, chagua flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski, na hapo ndipo pa kukaa na kujaribu. Sauti inatoka? Kamera inaona? Herufi zote za kibodi zinaandika? Printa inachapa? Mimi nilimwita Baba akae mwenyewe. Nilifungua nakala ya zile kurasa 43 kutoka kwenye diski ya nje, akazisoma polepole akitafuna michembe, akafika mwisho. "Zote zipo," akasema. Tukaendelea.

Wi-Fi haikuonekana. Kadi ya mashine yake ni ya Broadcom, na hizo mara nyingi zinahitaji draiva ya ziada. Dawa ni simu: iunganishe kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kupitia USB, Mint inaitambua mara moja. Mfumo ukishafungwa, fungua "Driver Manager", chagua draiva inayopendekezwa, washa upya, Wi-Fi inakuja.

Umeme nao upangie. Ilikuwa Novemba, vuli imeshika, ngurumo kila alasiri, na betri ya Baba ilikuwa inakaa dakika nane. Nilibeba UPS ya kibandani, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, hadi Kitangiri na tukaanza Jumamosi asubuhi, mbingu ikiwa safi. Kama huna UPS na betri imekufa, azima au subiri.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kufunga mfumo mpya, chomoa diski ya nje. Ichomoe kabisa, iweke chumba kingine. Yule fundi wa 2019 nadhani hakuwa mtu mbaya. Alibonyeza kwenye orodha ya diski bila kusoma ukubwa wake. Diski isiyochomekwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Lugha, kibodi, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki ili nyimbo na video zicheze, halafu kinakuja kipengele cha "Erase disk". Hapo simama usome: diski iliyotajwa ni ya ukubwa gani? Tuliona 240 na kampuni ya SSD yetu, ndipo Baba mwenyewe akabonyeza. Kufunga diski kwa usimbaji sikumwekea, kwa kuwa akisahau neno la siri hakuna wa kumfungulia. Kwa laptopu inayotembea kwenye daladala ningeweka. Saa za eneo chagua Dar es Salaam. Jina, neno la siri, subiri. Kwetu ilichukua kama robo saa. Ikikwambia utoe flashi, toa, bonyeza Enter.

Mashine iliwaka kabla Baba hajamaliza kuvuta kiti.

Kazi ya baada ya hapo ni ya upole zaidi kuliko ufundi. Endesha masasisho yote siku hiyohiyo. Washa Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili masasisho yakiharibu kitu urudi nyuma. Lakini ujue kwa mpangilio wake wa kawaida hailindi hati zako, inalinda mfumo tu. Rudisha faili kwenye folda zenye majina yaleyale aliyozoea, hata kama majina ni ya ovyo. Nilimwekea picha ileile kwenye dawati, nikakuza maandishi, nikaacha ikoni nne tu: kuandika, hesabu, intaneti, picha.

Kuandika ni kwa LibreOffice, iliyokuja na Mint. Inafungua hati za Word na hesabu za Excel. Hesabu za kikundi zilifunguka na fomula zake zote. Ila makro za Excel, zile amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, nyingi hazifanyi kazi, mwenye nazo ajaribu mapema akiwa bado kwenye flashi. Ingia kwenye mipangilio ya kupakia na kuhifadhi, uiambie ihifadhi kwa muundo wa Word daima, la sivyo mzee atamtumia katibu wake faili litakaloweza kumsumbua kulifungua. Times New Roman haimo, lakini Liberation Serif inakaa mahali pake kwa upana uleule wa herufi, mistari haihami. Hati ya kwenda kuchapwa itoe kama PDF, ikifika kibandani inatoka ilivyo.

Flashi za wanakikundi bado huja na virusi vile vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato. Kwenye Mint haviwaki. Lakini ukinakili kila kilichomo na kumpelekea mwenye Windows, umempelekea. Nilimfundisha Baba kuvitambua na kuvifuta.

Siku tatu za kwanza nilikaa Kitangiri. Siku ya kwanza aliniita mara nyingi, siku ya tatu mara moja, akitaka kujua alama ya mkazo iko wapi. Nikamwonyesha. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma, akarudi kwenye ukurasa wake.

Diski ya zamani imo kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku pamoja na daftari la maneno ya siri. Juu yake nimeandika tarehe, GB 320, Windows 10, na neno la siri la kuingilia. Diski iliyolala nayo huchoka, kwa hiyo kila Novemba nitaichomeka kwa waya wa kuigeuza USB na kuisoma. Na kila mwisho wa mwezi, nikienda kumjulia hali, nanakili hati zake mpya kwenye diski ya nje, nahesabu faili pande zote mbili, kisha nafungua tatu hadi ukurasa wa mwisho. Kurasa za Mei 1996 sasa zimefika 51.